Kabla hujasema IPOA haina meno, maganda ya risasi yako wapi?

Wiki iliyopita nilikuwa matangani Mathare, nyumbani kwa kijana aliyepigwa risasi. Mzee mmoja wa kamati ya mazishi alisimama akasema, "Mambo ya IPOA tuyaache. Wale hawana meno." Watu wakaitikia. IPOA ni mamlaka huru inayowachunguza polisi wa Kenya. Wakati huo mimi nilikuwa nalitazama shati la marehemu kwenye kamba ya nguo, limefuliwa likatakata. Shangazi yake alilifua kwa mapenzi, asingeweza kuona damu ya mtoto wake imekaa siku tatu kwenye beseni. Tundu la risasi bado lilionekana. Vyote vilivyokuwa kandokando ya tundu hilo, masizi na chembe za baruti ambazo zingemwambia mtaalamu bunduki ilikuwa umbali gani, vilikwisha na povu la sabuni.

Nimesaidia familia za Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, kufuatilia kesi dhidi ya askari kwa miaka kumi na miwili sasa, na sentensi hii ya meno ndiyo inayonichosha kuliko vitisho. Anayeisema hudhani anaikosoa serikali. Mara nyingi anaifanyia kazi yake.

Tuanze na meno yenyewe. IPOA iliundwa kwa sheria ya 2011, baada ya tume ya Waki kuchunguza umwagaji damu wa baada ya uchaguzi, 2007 na 2008, na jopo la Ransley kupendekeza mageuzi ya polisi. Sheria inaipa nguvu ya kuingia kituoni, kuchukua kumbukumbu, kumwita askari ajieleze. Nyongeza ya Sita ya Sheria ya Huduma ya Polisi inamlazimu mkubwa wa askari aliyeua au kujeruhi vibaya airipoti IPOA mara moja. Hana hiari. IPOA haishtaki mtu mahakamani, hiyo ni kazi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Haimfukuzi askari kazi, hiyo ni ya Tume ya Huduma ya Polisi. Na wala si kile kitengo cha ndani cha polisi, ambacho watu huandikia barua halafu wanakuja kwangu kusema "IPOA haijatujibu". Mwulizeni kila mmoja kazi yake.

Na meno yameuma. Februari 2016 askari wawili walitiwa hatiani kwa kumuua bila kukusudia msichana wa miaka 14 kule Kwale. Mwaka 2018 askari wa Githurai aliyejulikana kama Katitu alipatikana na hatia ya mauaji. Julai 2022 askari watatu na mpasha habari wao walitiwa hatiani kwa kuwaua wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wa teksi. Februari 2023 mmoja wao akahukumiwa kifo na wengine vifungo virefu. Je, ni kesi chache? Ni chache mno, na naumia nazo. Lakini zitazame ujue zilishinda kwa nini. Katika kesi ya Kimani kulikuwa na kumbukumbu za simu, na kulikuwa na kipande cha karatasi ya chooni alichoandika akiwa amefungiwa kwenye kambi ya polisi Syokimau. Mpita njia alikiokota, akapiga simu. Angekipita tu akijiambia kwamba hakuna kitu kitafanyika, sijui mwendesha mashtaka angeanzia wapi.

Hapa ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu hapa ndipo kesi zinapofia.

Kesi ya mtu aliyeuawa na askari huamuliwa katika saa 48 za kwanza, na IPOA mara nyingi haijafika. Waliopo ni majirani, askari wenyewe na wahudumu wa mochari. Maganda ya risasi huokotwa na watoto, au na askari aliyefyatua. Mwili unabebwa nyuma ya Land Cruiser kwenda mochari ya City na kuandikwa "mwanamume asiyejulikana", wakati kitambulisho kilikuwa mfukoni. Familia inahangaika siku mbili kumtafuta, na siku hizo mbili ndizo zinazotosha kuandika kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, kwamba "mshukiwa alikaidi amri ya kujisalimisha, bastola bandia ikapatikana". Maneno hayo nimeyasoma mara nyingi hadi nayajua kwa moyo.

Ndiyo maana nasumbua watu kuhusu mambo yanayoonekana madogo. Usiokote ganda la risasi. Lipige picha pale lilipo, kitu cha kupimia ukubwa kiwe kando yake, hata kiberiti, kisha msimame pale hadi mtu wa IPOA aje. Nguo zisifuliwe, na zisifungwe kwenye plastiki, maana damu mbichi huozea ndani. Ziacheni zikauke kivulini, mziweke kwenye mfuko wa karatasi. Mwandike saa, si "jioni". Jioni ya Nairobi ina saa tano, na kitabu cha kutolea silaha kituoni kinaandikwa kwa dakika. Kitabu hicho kinaonyesha bunduki namba fulani alipewa nani, ikiwa na risasi ngapi, ikarudi na ngapi. Ganda likilingana na bunduki, na bunduki ikalingana na jina kitabuni, meno yamekamilika. Kimoja kikipotea, faili litarudi kutoka kwa Mkurugenzi wa Mashtaka likiwa na alama za kuuliza, au litaishia kwenye uchunguzi wa mahakama kuhusu kifo, ambao nimeona unameza miaka.

Halafu upasuaji wa maiti. Familia inaharakisha kuzika kwa sababu bili ya mochari inapanda kila siku, na mimi siwezi kumlaumu mama anayehesabu shilingi. Kwa familia za Kiislamu, Kiamaiko na Majengo, haraka hiyo ni ya dini na ninaiheshimu kabisa. Nimewahi kukaa na imamu mmoja usiku, tukakubaliana daktari aanze alfajiri na maziko yawe baada ya adhuhuri. Ikawezekana. Daktari wa familia ana haki ya kusimama pale wakati mwanapatholojia wa serikali anafanya kazi, na shirika la haki za binadamu la IMLU limekuwa likizisaidia familia zisizo na uwezo. Ukizika bila ripoti ya daktari, umezika na kesi.

Anayedhani ninakuza mambo akumbuke Juni 2025. Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa Homa Bay, akaletwa hadi Kituo cha Central hapa Nairobi, akafa akiwa mikononi mwa polisi. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema alijigonga kichwa ukutani. Wanapatholojia wakaufungua mwili, wakakuta majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo na michubuko mwilini ambayo mtu hawezi kujifanyia. IPOA ikagundua kamera za kituo zimechezewa. Kabla mwezi haujaisha watu sita walikuwa wamesimama mahakamani kwa shtaka la mauaji, wakalikana, na mahakama ndiyo itakayoamua. Sheria ilikuwa ile ile ya 2011, hakuna jino lililoongezwa. Kilichokuwepo ni mwili uliochunguzwa mapema mbele ya macho ya watu.

Mambo mengine yanayoitwa mageuzi nitayapita haraka. Sare ya bluu ya 2018, sawa. Nyumba na mishahara bora, naunga mkono kwa dhati, askari anayelala kwenye kibanda cha mabati hawezi kuwa na subira na mtu. Taa za mulika mwizi zimesaidia mtaa kuliko hotuba nyingi, zinampa shahidi uso wa kuutambua. Kitengo cha SSU, cha polisi waliotuhumiwa kuua na kupoteza watu, kilivunjwa Oktoba 2022 na nilishangilia, kisha nikaanza kujiuliza wale watu walihamishiwa wapi. Bado najiuliza.

Lakini kuna jambo linaloumiza zaidi, nalo halipo ndani ya kituo cha polisi. Katitu alipokamatwa, wakazi wa Githurai waliandamana wakitaka aachiliwe. Walikuwa wamechoka kuibiwa na kuchomwa visu, na huyu kwao alikuwa usalama. Siwadharau. Mimi pia nimeporwa, najua hasira ile. Ila kijana akiuawa bila kesi, hatujui alikuwa mwizi au alifanana na mwizi, na waliomtuma, kama walikuwepo, wamebaki salama. Mtaa unaomshangilia askari muuaji Jumatatu hauna shahidi Ijumaa atakapomuua mtoto wao. Nimeona hivyo kwa macho yangu, mtaa ule ule.

Sasa yale ambayo kwenye semina hatuyasemi. Mteja wa Willie Kimani alikuwa na kosa gani? Aliandikisha malalamiko IPOA dhidi ya askari aliyempiga risasi. Alifanya kila kitu ninachowaambia watu wafanye. Kila ninapomsukumia mama kalamu atie sahihi, ninamkumbuka. Kuna Shirika la Kulinda Mashahidi, lakini ulinzi maana yake ni kuhama, kuacha kibanda chako cha mboga, kuwatoa watoto shule. Wengi hukataa, na sijui kama ninafanya haki kuwarai. Kuna siku nimerai na siku nimenyamaza, na zote mbili zimeninyima usingizi.

Pia siamini tena hesabu za malalamiko. Yakiongezeka, wengine husema polisi wameharibika, wengine wanasema wananchi wameanza kuamini. Mimi nimeona mtaa wenye malalamiko sufuri, na ulikuwa sufuri kwa sababu OCS, yaani mkuu wa kituo cha pale, aliogopwa kupita kiasi. Na IPOA yenyewe ni polepole. Wachunguzi ni wachache mbele ya askari zaidi ya laki moja wa nchi nzima. Nimesubiri jibu la barua miezi mingi nikiwa na mama anayenipigia kila Jumatatu. Ukilalamikia hilo, niko pamoja nawe. Lalamika ukiwa na namba ya faili mkononi.

Tukirudi matangani, nilimwomba yule mzee dakika kumi, akanipa ishirini. Hatukukubaliana juu ya meno. Tulikubaliana kwamba maziko yasogezwe hadi Jumamosi na daktari aanze Alhamisi saa tatu asubuhi. Wakati wa kuondoka shangazi aliniita jikoni, akafungua beseni lililofunikwa kanga. Suruali alikuwa hajaifua. Tuliianika kivulini ndani ya nyumba, na jirani mmoja akakimbia dukani kutafuta mfuko wa karatasi.