Kilo Ishirini za Mpagazi: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Afya ya Akili Kazini

Katika ofisi za utalii za Arusha, kuanzia Juni hadi Oktoba hakuna anayekiri kwamba amechoka. Magari hutoka alfajiri kuelekea Tarangire na Ngorongoro, makundi ya kupanda Kilimanjaro huagwa Moshi, simu za wageni waliokosa ndege huingia usiku wa manane, na mtu akiulizwa hali yake hujibu kwamba anapambana. Nimefanya kazi upande wa hesabu katika ofisi ya aina hiyo kwa misimu kadhaa. Kauli zinazofuata nimezisikia humo mara nyingi, na baadhi yake nimezisema mwenyewe.

Dhana: “Angekuwa mgonjwa wa akili angekuwa Mirembe.”

Hospitali ya Mirembe ya Dodoma imetajwa kwa mzaha kwa muda mrefu kiasi kwamba jina lake limegeuka kuwa tusi, na kwa wengi mgonjwa wa akili ni yule tu anayeokota makopo barabarani. Ukweli ni kwamba matatizo yanayowapata watu wengi zaidi ni sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, na wasiwasi uliopitiliza, ambayo hayamzuii mtu kuoga, kupiga pasi shati na kufika kazini saa mbili kasoro. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 takriban asilimia 15 ya watu wazima wenye umri wa kufanya kazi duniani walikuwa na tatizo la afya ya akili. Huo ni wastani wa dunia, hauhesabu ofisi moja moja, lakini unatosha kumfanya mtu aache kutafuta wagonjwa barabarani.

Dhana: “Anayechapa kazi hana mawazo.”

Hii ndiyo iliyotupotosha sisi. Mwenzetu wa dawati la malipo alianza kufika kabla mlinzi hajafungua geti na kuondoka wa mwisho, nasi tukamsifu kwa kujituma. Meza yangu ilikuwa mkabala na yake, kwa hiyo niliyaona ambayo bosi hakuyaona: chai ya maziwa ya saa nne ikifanya utandu na kuachwa ipoe, stakabadhi ileile ya mafuta ikigeuzwa mbele na nyuma kwa nusu saa, na hesabu ya posho za wapagazi, ambayo zamani aliimaliza kabla ya chakula cha mchana, ikirudiwa mara tatu bila kukubali. Alikuwa akikaa sana kwa sababu kazi ilikuwa haiendi.

Cha kutazama, basi, ni mabadiliko. Mtu aliyekuwa mkimya tangu siku ya kwanza si mgonjwa kwa ukimya wake, lakini mcheshi aliyenyamaza, anayekula peke yake, anayefoka kwa jambo dogo au anayelalamikia kichwa na tumbo kila Jumatatu anastahili kuulizwa. Hali ya namna hiyo ikidumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, ni wakati wa kumwona mtaalamu.

Upo pia uchovu wa kazi uliopindukia, ambao Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la uainishaji wa magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, linaueleza kwa sura tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kimawazo au kuichukia, na kupungua kwa ufanisi. Uainishaji huo hauuiti ugonjwa. Unauita hali inayotokana na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu inaonyesha pa kuanzia kutafuta chanzo.

Dhana: “Mpeni likizo, atakaa sawa.”

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka, na kuzinyima ni kosa la sheria na la akili pia. Mwenzetu alipewa wiki mbili, akaenda kwao Rombo, akarudi akiwa na rangi usoni. Asubuhi hiyo alikuta stakabadhi za safari zote za wiki mbili zimepangwa kwenye boksi chini ya meza yake, hakuna aliyegusa hata moja. Kufikia Ijumaa alikuwa palepale alipokuwa kabla ya kuondoka.

Kwenye lango la Machame mzigo wa mpagazi hupimwa kwenye mizani, na kikomo ni kilo 20. Ukizidi, unapunguzwa, hakuna anayemshauri mpagazi ajifunze kuvuta pumzi vizuri ili aubebe. Ofisini hatuna mizani, hivyo aliyeelemewa huambiwa ajipange. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 kuhusu afya ya akili kazini unapendekeza mafunzo kwa mameneja na wafanyakazi, lakini pia unataka kazi yenyewe ibadilishwe: wingi wake, saa zake, na nafasi ya mtu kuamua namna ya kuifanya. Sheria yetu nayo imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne, ingawa ukiitaja Agosti utachekwa. Kwetu kilichosaidia ni mambo mawili madogo: dawati la malipo liligawanywa kwa watu wawili, na simu ya usiku ikaanza kupokezanwa kila wiki.

Dhana: “Ukimuuliza mtu kama anafikiria kujiua, unamfundisha.”

Ukweli ni kinyume. Swali la wazi haliliingizi wazo hilo kichwani, na mara nyingi humpa mtu nafasi ya kwanza ya kulitoa. Ugumu uko katika namna ya kuuliza, hasa pale anayeuliza ni mdogo kwa umri. Mmoja wa madereva wetu wakubwa alikuwa akirudi safari anabaki ndani ya gari lililozimwa, mikono juu ya usukani. Dada wa mapokezi alimpelekea chai, akaketi kiti cha pembeni.

“Baba, tangu urudi Serengeti hukai na sisi.”

“Mawazo tu, mwanangu.”

“Yamewahi kufika mahali ukaona bora usiwepo?”

Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema hajafika huko, ila halali. Dada hakumwambia ajikaze, wala kwamba wenzake wana shida zaidi. Alimuuliza tangu lini. Kama jibu lingekuwa ndiyo, asingemwacha peke yake hata kidogo: angemtafuta ndugu wa karibu, wakahakikisha vitu vya hatari, zikiwemo dawa za shambani, vimeondolewa karibu naye, na wakamfikisha hospitali siku ileile. Siri ya mwenzako hutunzwa, isipokuwa pale maisha yake yanapokuwa hatarini.

Nililojifunza baadaye ni kwamba msikilizaji naye huelemewa. Nilianza kuamka saa tisa usiku nikipiga hesabu za watu wengine, na ilinibidi niseme wazi kwamba zamu ya kusikiliza nayo ipokezanwe.

Dhana: “Bia mbili zitamsahaulisha.” Pombe, iwe bia au mbege, huleta usingizi unaokatika usiku na huzidisha sonona.

Dhana: “Ukipeleka cheti cha kliniki ya akili, kazi huna.”

Hofu hii ina sababu, kwa kuwa minong’ono ya ofisini ni mikali kuliko sheria. Hata hivyo sheria ile ile ya 2004 inatoa hadi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi kuwe na cheti cha daktari. Na inakataza ubaguzi kazini kwa misingi kadhaa, ulemavu ukiwa mmojawapo.

Kuhusu dawa, inasemwa kwamba ukianza huachi. Dawa za sonona hazileti uraibu wa kuzitamani. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu, na huachwa taratibu kwa ushauri wa daktari, kamwe si ghafla. Zipo dawa za kutuliza, kama diazepamu, ambazo mwili huzizoea, na ndiyo sababu hazinunuliwi kienyeji. Sala nayo haigombani na kliniki, na hapa kwetu wengi huhudhuria kote kuwili.

Moshi kuna hospitali za KCMC na Mawenzi, Arusha kuna ya Mount Meru, na kituo cha afya cha karibu kinaweza kuandika rufaa. Mwenzetu wa dawati la malipo hakutaka kwenda peke yake, nikaomba ruhusa nikamsindikiza. Tuliketi kwenye benchi kati ya mama mwenye mtoto na mzee mwenye bakora. Karani wa mapokezi alimuuliza jina, umri na namba ya bima, kama anavyomuuliza mwenye malaria, kisha akatuonyesha mlango.