Rangi ya koa haitoshi: jenasi husomwa kwenye joho, tundu na mkuku

Sampuli za koa zinazoletwa kutambuliwa zimeongezeka, na nyingi hufika zimezikwa kwenye chumvi. Hizo hazisomeki. Chumvi humkamua koa maji, ute unamganda mwilini, joho, yaani ngozi nene inayofunika mgongo nyuma ya kichwa, linajikunja na tundu la kupumulia linapotea.

Tundu hilo ndilo la kuanzia. Liko ubavu wa kulia wa joho. Likiwa mbele ya katikati ya joho, mara nyingi huyo ni wa jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Arion au ndugu zake wa karibu. Likiwa nyuma ya katikati, fikiria jenasi za Limax, Deroceras au Milax. Sasa tazama mgongo. Milax ana mkuku, kama wa jahazi, kutoka ncha ya mkia hadi kwenye joho, na johoni mna mfuo uliopinda kama kiatu cha farasi. Limax na Deroceras wana mkuku mfupi wa mkiani tu. Arion mzima hana. Yeye ana kishimo cha ute juu ya ncha ya mkia.

Limax na Deroceras hutenganishwa na mikunjo ya joho, iliyojizungusha kama alama ya kidole gumba. Kitovu cha mizunguko kwa Limax kiko katikati. Kwa Deroceras kimesogea kulia, juu ya tundu.

Rangi, tafadhali, iacheni. Arion rufus huweza kuwa mwekundu au mweusi. Na Tandonia, jenasi nyingine, ana mkuku na mfuo uleule wa Milax: lazima apasuliwe, kwani Milax ana kiungo cha kumsisimua mwenzi wakati wa kujamiiana ndani ya chemba ya uzazi, Tandonia hana. Koa mchanga hapasuliki kwa faida. Viungo vyake havijakomaa.

Utaratibu ni huu. Vaa glavu, kwa sababu koa huweza kubeba minyoo ya mapafu ya panya. Chemsha maji, yapoe, jaza chupa pomoni pasibaki hewa, mtie koa, funika saa 12 hadi 24. Atakufa amejinyoosha. Suuza ute, mhamishie kwenye alkoholi ya asilimia 70, na kesho yake ibadilishe, maana maji ya mwili huizimua. Formalini hukakamaza nyama, usitumie. Lebo iandikwe kwa penseli na iwekwe ndani ya chupa: mahali, tarehe, mmea aliokutwa. Sampuli isiyo na lebo hurudishwa. Koa hai asivushwe mpaka bila kibali. Nchi nyingi huhesabu hilo kuwa kosa, hata akiwa mmoja.