Anemoni wa kioo: usimkate, mlishe chokaa

Mwezi uliopita mteja wangu mmoja wa Nyali alinipigia simu kwa furaha. Jumapili nzima alikuwa ameshika kisu, akikwangua anemoni, viumbe laini wa baharini wenye minyiri, mmoja mmoja kutoka kwenye mawe ya tangi lake la matumbawe. "Nimewamaliza," akasema. Nikamjibu, "Kaka, hujawamaliza. Umewapanda."

Anayetusumbua anaitwa Aiptasia. Ni wa rangi ya kahawia, mwili unapitisha mwanga kama kioo chenye ukungu, minyiri yake mirefu na imechongoka. Huingia tangini akiwa amejibanza kwenye tundu la jiwe au chini ya tumbawe ulilonunua juzi. Akisogea, kitako chake huacha vipande vidogo vya nyama juu ya jiwe, na kila kipande huota minyiri na kuwa anemoni kamili. Aliyewahi kulima muhogo ataelewa mara moja: ukikata mti wake pingili pingili, kila pingili ni shina jipya.

Minyiri ile ina seli zinazochoma. Tumbawe la jirani hujikunja, halafu nyama yake huanza kuachia mfupa mweupe. Njaa nayo haimwondoi upesi, kwa sababu ndani ya mwili wake kuna mwani wa seli moja unaomtengenezea chakula kwa mwanga, kama ilivyo kwa matumbawe yenyewe. Ndiyo maana wanasayansi wanamfuga maabara ili waelewe kupauka kwa matumbawe, na mwaka 2015 walichapisha jenomu yake, yaani mpangilio mzima wa vinasaba vyake. Sisi tulioona miamba ya pwani yetu ilivyopauka mwaka 1998 tuna sababu ya kuithamini kazi hiyo. Lakini maabara ni maabara, na tangini mwako hana nafasi.

Mimi huanza na chokaa. Ni ileile kalsiamu hidroksaidi iliyomo kwenye chokaa ya tambuu, ila usitumie ya tambuu wala ya kupaka ukuta, maana hujui imechanganywa na nini. Tafuta iliyo safi, ya kiwango cha chakula. Vaa glavu na miwani, kwa sababu inaunguza ngozi na macho. Ikoroge na maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito, uivute kwa bomba la sindano lenye ncha butu. Zima pampu zote, maji yatulie.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu kwa haraka. Ukimgusa tu, anajivuta ndani ya tundu na kutoa nyuzi nyeupe nyembamba ubavuni, na hapo umemkosa. Sogeza ncha polepole kutoka pembeni, isimame juu ya kinywa bila kumgusa, kisha achia uji taratibu. Akidhani ni chakula, minyiri itajikunja na kuumeza. Ongeza kidogo hadi afunikwe na tundu lizibe. Subiri kama dakika 15 ndipo uwashe pampu. Kwenye tangi la lita 200 mimi sizidishi watano kwa siku, kwa sababu chokaa hupandisha pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali wa maji, na matumbawe hayapendi mshtuko. Pima kabla na baada.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo: usichemshe jiwe jikoni ili kuua anemoni. Baadhi ya viumbe vya jamii ya anemoni na matumbawe vina palitoksini, sumu kali sana, na kuna watu waliougua vibaya kwa kuvuta mvuke wake. Jiwe lililoshindikana litoe, likaushe juani kwa wiki kadhaa.

Wanaojificha nyuma ya mawe huwafikii kwa sindano. Waachie kamba wa jenasi ya Lysmata, wenye mistari myembamba myekundu, wanaokula usiku. Muuzaji mmoja aliwahi kuniuzia wengine kwa jina hilohilo, wakanilia polipu, yaani vile viumbe vidogo vyenye minyiri vinavyounda matumbawe. Walikuwa kamba wenye kibyongo mgongoni, macho makubwa na madoa meupe kati ya mistari myekundu. Ukiona kibyongo, usinunue. Yupo pia koa wa baharini aitwaye Berghia, ambaye hali kitu kingine ila Aiptasia, lakini wakiisha naye hufa njaa, kwa hiyo mtafutie mapema tangi lingine lenye anemoni.

Na punguza chakula. Mabaki ya chakula cha samaki yanayozama kati ya mawe ndiyo yanayomnenepesha.

Jumatatu narudi Nyali. Jiwe lililokuwa na anemoni 4 kabla ya kisu, mara ya mwisho nilihesabu 17. Kamba watatu wako tayari kwenye tangi langu la karantini, na kaka amekubali kunikabidhi kile kisu.