Vitabu vya Historia na Uhasama wa India na Pakistan: Dhana Potofu na Ukweli

Mwezi wa Aprili 1998 Pakistan ilirusha kwa majaribio kombora lililopewa jina la Ghauri, kwa kumkumbuka Sultani Muhammad wa Ghor, ambaye mwaka 1192 alimshinda mfalme Prithviraj Chauhan katika uwanja wa Tarain, kaskazini mwa Delhi. Miaka kumi kabla ya hapo India ilikuwa imejaribu kombora lake liitwalo Prithvi, na wengi nchini Pakistan waliamini kwamba jina hilo linamtukuza Prithviraj, ilhali katika Kisanskriti neno hilo maana yake ni ardhi. Hivyo ndivyo vita vilivyokwisha miaka 800 iliyopita vilivyokuja kutajwa katika majina ya makombora yanayoweza kubeba silaha za nyuklia. Majina hayo hayakuzuliwa kambini. Watu wa pande zote mbili walikuwa wameyazoea tangu walipokuwa watoto wenye madaftari, wakimsikiliza mwalimu wa Historia, na ndiyo maana hakuna aliyehitaji kuelezwa Ghauri alikuwa nani.

Nguvu ya somo la Historia, kwa hiyo, si ya kubishaniwa. Linalohitaji kuangaliwa ni namna linavyofanya kazi, kwa sababu mengi yanayosemwa juu yake, hata na watu wenye nia njema, hayalingani na yaliyomo vitabuni.

Dhana: Vitabu vya shule huleta chuki kwa sababu vimejaa uongo

Uongo upo, lakini si ndio wenye kazi kubwa. Mtaalamu wa elimu wa India, Krishna Kumar, alivilinganisha vitabu vya nchi hizi mbili vinavyosimulia harakati za uhuru kuanzia 1857 hadi 1947, na alichokikuta ni kwamba matukio yanayotajwa ni yale yale kwa sehemu kubwa, ila hadithi zinazosukwa kwa matukio hayo ni mbili. Katika vitabu vya India mwaka 1947 ni uhuru uliotiwa doa na mkasa wa kugawanywa kwa nchi. Katika vitabu vya Pakistan mwaka huo huo ndio kilele, siku taifa lilipozaliwa baada ya safari ndefu. Mtoto wa Delhi anaomboleza jambo ambalo mtoto wa Lahore analisherehekea, na hakuna kati yao aliyedanganywa tarehe.

Uzito uko katika mahali hadithi inapoanzia, mahali inapoishia na nani anaachwa njiani. Muhammad Ali Jinnah, mwasisi wa Pakistan, ndiye aliyesaidia kuleta mapatano ya Lucknow ya 1916 kati ya chama cha Congress na Muslim League, na zama hizo alisifiwa kuwa balozi wa umoja wa Wahindu na Waislamu. Msomaji wa India asipokaa na Jinnah huyo, anabaki na mtu mmoja tu, yule aliyeikata nchi vipande viwili. Vivyo hivyo Gandhi, anayeelezwa Pakistan kama kiongozi wa Wahindu, alifunga kula mjini Delhi mwezi wa Januari 1948 akitaka Waislamu wa mji huo walindwe, na katika siku hizo hizo serikali ya India ikakubali kuilipa Pakistan rupia milioni 550 ilizokuwa imezizuia. Tarehe 30 mwezi huo aliuawa na Mhindu mwenye siasa kali aliyemwona kuwa anawapendelea Waislamu. Mwanafunzi wa Lahore akimfuata Gandhi mpaka siku hiyo, itamwia vigumu kumweka katika fungu la maadui.

Mfano ulio wazi zaidi ni vita vya 1965. Masimulizi yaliyozoeleka shuleni Pakistan huanza tarehe 6 Septemba, siku majeshi ya India yalipovuka mpaka kuelekea Lahore, na siku hiyo huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Ulinzi. Ni kweli walivuka. Lakini mwezi wa Agosti Pakistan ilikuwa imeingiza wapiganaji wake Kashmir kwa siri, wakivuka mstari wa kusitisha mapigano, katika operesheni iliyoitwa Gibraltar. Kila sentensi ya masimulizi yale inaweza kuwa ya kweli. Kilichopotea ni mwezi mmoja, na kwa kupotea mwezi huo aliyechokoza anageuka kuwa aliyechokozwa. Ndivyo ilivyo pia kwa mwaka 1971. Mwanafunzi husoma juu ya mkono wa India katika kuvunjika kwa Pakistan, sehemu yake ya mashariki ilipojitenga na kuwa Bangladesh, mkono ambao kweli ulikuwepo, huku operesheni ya jeshi lake mwenyewe iliyoanzia Dhaka usiku wa tarehe 25 Machi ikipitwa haraka au isitajwe kabisa.

Kwa hiyo kamati inayokaa kutafuta uongo ili iufute inaweza kumaliza kazi yake na kukiacha kitabu kilivyo.

Dhana: Uhasama wao ni wa karne nyingi, na kitabu kinaunakili tu

Hii ndiyo dhana inayowapotosha wengi zaidi, na inapendwa kwa sababu inawaondolea lawama walio hai. Tuanze na mapigano ya Haldighati ya Juni 1576, yanayosimuliwa leo kana kwamba Wahindu walipambana na Waislamu. Jeshi la mfalme Akbar, Mwislamu, liliongozwa na Man Singh, Mhindu wa ukoo wa Rajput. Upande wa pili, katika jeshi la Maharana Pratap, Mhindu, miongoni mwa makamanda alikuwepo Hakim Khan Sur, Mwislamu wa asili ya Afghanistan. Walipigania enzi na utii. Mstari wa dini umechorwa baadaye, na waliouchora walikuwa na haja zao.

Vitabu vya Pakistan vyenyewe ni ushahidi. Wasomi A. H. Nayyar na Ahmed Salim, katika ripoti ya mwaka 2003 iliyozua mjadala mkubwa nchini humo, walionyesha kwamba vitabu vya miaka ya mwanzo baada ya uhuru vilifundisha ustaarabu wa kale wa bonde la Indus, tawala za Wabuddha na za Wahindu, na vilimtaja Gandhi kwa heshima. Hii ni miaka ambayo damu ya 1947 ilikuwa haijakauka. Watu kati ya milioni 12 na 15 walikuwa wamehama makwao, na karibu kila darasa la Punjab lilikuwa na mtoto wa mkimbizi. Lau chuki ingekuwa inapanda yenyewe kutoka katika majeraha hadi kitabuni, vitabu vya wakati huo ndivyo vingekuwa vikali kuliko vyote. Ukali uliongezeka baada ya nchi kupoteza nusu yake ya mashariki mwaka 1971, kisha chini ya Jenerali Zia ul-Haq, ambapo mwaka 1981 somo la Elimu ya Pakistan liliwekwa kuwa la lazima hadi chuo kikuu. Katika masimulizi ya somo hilo mwanzo wa taifa ulisogezwa nyuma hadi jemadari Mwarabu Muhammad bin Qasim alipoingia Sindh mwaka 711, na yote yaliyotangulia katika ardhi hiyo hiyo yakapungua.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana ushahidi wake nyumbani. Wafanyakazi wapatao 32,000 walioletwa kujenga reli kutoka Mombasa kati ya 1896 na 1901, wengi wao wakitoka Punjab na kupakiwa melini Karachi, walikuwa Waislamu, Wahindu na Makalasinga waliolala katika mahema ya kambi zile zile. Kiswahili kikawaita wote Wahindi, na bado kinawaita hivyo, kwa sababu walipofika hapakuwa na mpaka wa kuwagawa.

Dhana: Wanaopotosha ni wao, sisi tunafundisha historia

Kila upande husema hivi, na kwa India kauli hiyo ilikuwa na nguvu fulani, kwa kuwa vitabu vya Baraza la Taifa la Utafiti na Mafunzo ya Elimu (NCERT) viliandikwa kwa miongo mingi na wanahistoria wakubwa. Hata hivyo, mwaka 2017 vitabu vya jimbo la Rajasthan vilibadilishwa ili Maharana Pratap awe ndiye mshindi wa Haldighati, ingawa ndiye aliyelazimika kuondoka uwanjani. Katika matoleo ya NCERT ya 2023 sura juu ya mabaraza ya kifalme ya Mughal, ukoo wa Kiislamu wa Akbar, iliondolewa katika kitabu cha Historia cha darasa la 12, na katika kitabu cha Siasa cha darasa hilo zikaondolewa sentensi zilizoeleza kwamba Gandhi alichukiwa na Wahindu wenye siasa kali, na kwamba RSS, shirika la Wahindu wazalendo wenye msimamo mkali, lilipigwa marufuku baada ya kuuawa kwake. Namwonea huruma mtoto wa India kwa sentensi hizo kuliko kwa sura nzima ya Mughal. Amenyang'anywa jambo lile lile ambalo mwenzake wa Pakistan hakulipata, yaani sababu ya kifo cha Gandhi.

Dhana: Mtoto huamini anachofundishwa

Mtoto hujibu alichofundishwa, kwa kuwa mtihani unataka hivyo. Kuamini ni jambo la nyumbani, la sinema, la mechi ya kriketi na la sherehe ya Wagah, kituo cha mpakani kati ya Amritsar na Lahore, ambako tangu 1959 askari wa nchi hizi mbili hushusha bendera kila jioni kwa kurusha miguu juu mbele ya umati unaopiga kelele. Nyumbani ndiko kwenye pande zote mbili za jambo: bibi anayesimulia jinsi kijiji kilivyochomwa moto ndiye huyo huyo anayesimulia jirani wa dini nyingine aliyewaficha ghalani. Masimulizi ya kuchomwa yanakutana na kitabu na kuthibitishwa. Masimulizi ya kufichwa hayakuti ukurasa wowote, na mwanafunzi huyachukulia kuwa wema wa mtu mmoja tu, usio sehemu ya historia. Humo ndimo nguvu halisi ya kitabu ilimo: kinachagua ni kumbukumbu ipi ya familia ihesabiwe kuwa ya taifa.

Dhana: Heri kulinyamazia jambo hilo

Kwa muda mrefu somo la Historia katika shule za India liliishia 1947, kwa hofu kwamba yaliyofuata bado ni moto. Matokeo yake, vita vyote vya baadaye viliachiwa magazeti, wanasiasa na filamu.

Vita kufundishwa waziwazi hakuzai uadui lazima. Watanzania hawajaficha kwamba mwaka 1978 majeshi ya Uganda yaliiteka sehemu ya Kagera, na Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa kwamba sababu tunayo, uwezo tunao na nia tunayo, maneno hayo yalikaririwa na watoto. Lakini adui aliyetajwa alikuwa nduli Idi Amin, si Mganda, na Waganda waliokuwa uhamishoni walipigana bega kwa bega na wanajeshi wa Tanzania mpaka Kampala ilipoanguka mwezi wa Aprili 1979. Namna adui anavyotajwa ndiyo iliyobaki vichwani. Katika vitabu vikali vya Bara Hindi anayetenda ni "Wahindu" au "Waislamu", watu wote kwa pamoja, wa karne zote, na mtoto akishazoea sentensi ya namna hiyo hana tena nafasi ya kumwuliza mtawala yeyote jambo.

Dhana: Kitabu kimoja kilichoandikwa kwa pamoja kingemaliza yote

Wanaosema hivi huitaja Ufaransa na Ujerumani, na wana haki ya kuitaja, ila wanaanzia mwisho. Wanahistoria wa nchi hizo walikutana mwaka 1935 na kukubaliana juu ya hoja kadhaa za kusahihisha vitabu. Miaka mitano baadaye majeshi ya Hitler yalikuwa Paris. Walikutana tena, na mwaka 1951 wakatoa makubaliano mapya, mwaka ule ule Georg Eckert alipoanzisha taasisi yake ya vitabu vya shule mjini Braunschweig. Mkataba wa urafiki wa Élysée ulitiwa saini 1963. Wazo la kitabu cha pamoja lilitoka kwa vijana waliokutana Berlin mwaka 2003, na juzuu ya kwanza ikatoka 2006. Miaka 55 ilipita kati ya makubaliano ya wasomi na kitabu chenyewe, na katikati yake kulikuwa na mikataba, biashara, na mamilioni ya vijana waliotembeleana.

India na Pakistan hazina hata viza rahisi ya kumfikisha mwanafunzi wa Amritsar mjini Lahore, mwendo usiozidi kilomita 50 au 60. Bado jambo kubwa liliwahi kufanyika bila kitabu cha pamoja. Mwaka 2007 NCERT ilichapisha kitabu cha darasa la 12 chenye sura juu ya mgawanyo wa 1947 iliyojengwa kwa masimulizi ya watu wa kawaida. Mojawapo lilimhusu mtafiti kijana kutoka India aliyefika Lahore majira ya baridi ya 1992, ambako mkutubi wa chuo kikuu, Mwislamu, alimsaidia kupita kiasi. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba anamlipia baba yake deni, kwa kuwa baba huyo aliokolewa na bibi kizee wa Kihindu mwaka 1947. Kurasa hizo hizo zilibeba pia masimulizi ya mtu mwingine wa Lahore aliyekataa udugu wowote, kwa sababu kijiji chake chote kiliangamizwa. Mwanafunzi alipewa wote wawili, akaachwa nao. Sura hiyo iliondolewa katika upunguzaji wa mtaala uliotangazwa mwaka 2022, kwa maelezo ya kuwapunguzia wanafunzi mzigo baada ya janga la korona.