Wiki kumi za BTP Lubumbashi na peni yangu nyekundu

Siku ya nne mama mwenye nyumba alinipa noti kadhaa na kikapu akaniambia, "Mutoto yangu, enda uuze tomati ku soko." Mi nikasimama pale mlangoni namwangalia, nikaangalia kikapu, kitupu kabisa. Nikamuuliza nyanya zenyewe ziko wapi. Akasema, "Si ziko ku soko!" Nikajiuliza sasa nitauzaje kitu ambacho kiko sokoni tayari, na hizi hela ni za nini, chenji ya wateja au vipi. Mtoto wao wa miaka kumi ndo aliniokoa, akanishika mkono tukaenda wote, tukanunua nyanya, tukarudi.

Kule kuuza ni kununua. Ukitaka kusema kuuza unasema kuuzisha. Na ukikaa ukafikiri kidogo wala sio ujinga, maana kama kuuza ni kununua basi anayekufanya wewe ununue ndiye anakuuzisha, ile -isha inafanya kazi yake ileile tunayoifundisha darasani kila siku, pika pikisha, lipa lipisha. Kichwa changu tu ndo kilikuwa kimegoma.

Mi ni mkufunzi wa Kiswahili, nafundisha wanaosomea ualimu, na kila msimu wa mazoezi ya kufundisha, yaani BTP, ukikaribia hakosi mmoja wa kuniuliza nje ya nchi inakuaje, hasa kulala kwa watu wasiokujua. Nimeshajibu kwa mdomo mara nyingi, leo nimeona niandike. Nilikwenda Lubumbashi Septemba 2022, mwaka uleule Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, nikafundisha Kiswahili wiki kumi kwenye sekondari moja ya binafsi (jina silitaji) na kulala kwa familia iliyojitolea kunipokea. Nilitoka Tabora nikapita Mbeya, Tunduma, Zambia yote ile, mpaka Kasumbalesa kwenye foleni ya malori isiyo na mwisho. Nimefika miguu imevimba kama mikate.

Nyumba ilikuwa komini ya Kenya, komini ni kama manispaa. Ndiyo, Lubumbashi kuna komini inaitwa Kenya, ipo na Katuba, na Kamalondo, na Ruashi. Nikampigia mama yangu Tabora nikamwambia nimefika salama niko Kenya, kimya, afu akaanza kulia, si ulisema Kongo, nani kakupeleka Kenya. Ilichukua dakika kumi za salio kumtuliza.

Jioni ya kwanza Papa, baba mwenye nyumba, anaingia, mzee wa miaka sitini na kitu, mwalimu wa shule ya msingi mstaafu, mi nikainuka nikasema shikamoo kwa adabu zangu zote. Akacheka kidogo akanipa mkono, "Yambo mutoto." Nikabaki naning'inia, nasubiri marahaba, haiji. Sisi tumelelewa kwamba usipoamkia umemtukana mtu mzima, kwaiyo siku za mwanzo nilijisikia kama natembea bila nguo. Kule heshima inakaa kwenye mkono, na kwenye jina, huwezi kumwita mtu mzima kwa jina lake kavukavu, ni Papa, ni Mama, mkubwa wako kidogo ni Yaya, na mi watoto waliniita tantini, yaani shangazi, shuleni madamu. Adabu ipo, imekaa mahali pengine tu.

Chakula sina mengi. Bukari, yaani ugali, ya mahindi, mara nyingine wanachanganya na unga wa muhogo, na sombe (kisamvu), lengalenga (mchicha), kapenta (dagaa), siku ya hela samaki wanaita tomson. Vinkubala, yaani wale viwavi waliokaushwa, nilikula wiki ya pili baada ya kuapa sitakula, na siku hizi nikipata mtu anatoka huko naagiza. Kupika ni kwenye mbabula, jiko la makala (mkaa), na mgeni wa kike ukikaa sebuleni unasubiri kuletewa wanakuona una matatizo, ingia jikoni hata kama kazi yako ni kupepea moto tu. Nimejifunza Kiswahili zaidi pale kwenye mbabula kuliko ofisi ya walimu, ambako wanaongea Kifaransa.

Sasa saa saba. Mkuu wa shule alinipigia Jumapili jioni, "Madamu, kesho unaanza, saa saba na nusu." Nikasema sawa. Najua shule nyingi za huko zina awamu mbili, asubuhi na mchana, kwaiyo saa saba na nusu mchana haikunishtua hata kidogo, nikaona wamenipa awamu ya mchana, safi, nitalala. Asubuhi Mama keshaenda soko, Papa keshatoka, amebaki kijana wao mmoja ambaye kwa bahati mbaya yeye kweli anasoma mchana, tukanywa chai taratibu, nikapiga pasi sketi, nikaenda zangu chini ya majakaranda, maua ya zambarau kila mahali, nimefika getini saa saba na dakika kumi najisifu kwa kuwahi. Wanafunzi wa asubuhi ndo walikuwa wanatoka. Mkuu amesimama pale, "Madamu, tulikungojea asubui yote, juu ya nini?"

Kule saa wanahesabu kama Wafaransa. Saa saba ni saa saba ya kwenye uso wa saa, yaani saa moja yetu ya asubuhi. Masaa sita nimekosa, siku ya kwanza ya kazi! Na kwenye ile "juu ya nini" nikazidi kuharibu, kwa sababu kule maana yake ni kwa nini, mi nikadhani ananiuliza juu ya kitu gani, nikamjibu "juu ya somo la Kiswahili". Akaniangalia tu. Ningekuwa yeye ningenirudisha Tabora.

Papa aliposikia alicheka mpaka akatoa miwani. Ila ndiye aliyenikalisha usiku uleule, delestaji, yaani mgao, imeshakata umeme, tunatumia tochi ya simu, akanifundisha fisha, yaani andalio la somo la kwao. Kwetu andalio la somo la wakati ule unalijua, utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha, tafakari, hitimisho. Kwao fisha inaanza na kukumbusha somo lililopita, halafu motivasyo (kuwaamsha wanafunzi), halafu unatangaza kichwa cha somo, ndo uingie analizi (kuchambua), sintezi (kufupisha), na mwisho aplikasyo (mazoezi). Mkaguzi akikuta umeruka kutangaza kichwa cha somo umekwisha. Mi nilizoea wanafunzi wagundue wenyewe kichwa, nikabishana, Papa akaniambia, "Andika vile banataka, kisha fundisha vile unajua." Nimemnukuu kwa kila kundi la wanafunzi niliowahi kuwasimamia.

Wiki ya tatu nikatoa insha, "Siku ya mama yangu". Madaftari arobaini na mbili, nikayabeba nyumbani, nikakaa mezani na peni nyekundu. Mstari wa kwanza wa daftari la kwanza: Mama yangu anatokaka asubui, anauzishaka makala, sisi batoto tunabakiaka ku nyumba. Nikakata anatokaka. Nikakata asubui. Nikakata batoto, nikakata ku. Daftari la tano lilikuwa linafanana na bucha. Nampa mtoto wa watu alama nne kwa ishirini, najisikia mwalimu kwelikweli.

Yule wa miaka kumi amesimama nyuma ya bega langu anasoma. Akauliza, "Tantini, juu ya nini ulikata ile? Mama anasemaka vile."

Nikamjibu jibu la kimwalimu, kwamba kuna Kiswahili cha kusema na cha kuandika, akaenda kulala hajaridhika. Mi nikaendelea. Simu ikaita, bibi yangu kutoka Tabora, na neno la kwanza aliloniambia ni hili: "We mtoto, mbona siku hizi hupigagi simu?"

Hupigagi!

Nikaiweka peni chini. Wasukuma na Wanyamwezi mnaosoma hapa mnajua, sisi kwetu ni nakulaga, anakujaga, hatuendagi, ndivyo tunavyoongea, na wenzetu wa pwani wanatucheka kila siku. Ile -ga ni kiambishi cha mazoea, cha kitu kinachofanyika kila mara, kimo kwenye lugha nyingi za Kibantu, na -ka ya Lubumbashi ni ndugu yake wa damu. Anatokaka asubui maana yake sio anatoka leo, ni kwamba ndo desturi yake, kila siku. Kiswahili sanifu kinasema hutoka, na mtoto akiandika "anatoka" kama nilivyomrekebisha mi, maana inapungua! Nilikuwa nimefuta taarifa sahihi nikaweka pungufu, kwa wino mwekundu.

Na batoto? Bibi huyohuyo akiongea Kinyamwezi anasema ba, sio wa. Ugali kwetu ni bugali, wao bukari. Nilitoka Tabora kwenda kuwakatia watu vitu ambavyo bibi yangu anavyo mdomoni. Na kihistoria inachekesha zaidi, maana Msiri, yule mfalme aliyetawala Katanga kutokea Bunkeya mpaka Wabelgiji walipomuua mwaka 1891, alikuwa mtu wa kwetu Unyamwezi, na watu wake Bayeke wapo mpaka leo. Papa alinikumbusha hilo kila nilipojifanya mgeni sana.

Ila msiende kusema Kiswahili cha Lubumbashi kililetwa na Msiri, hapana, hiyo ni njia fupi mno. Mji wenyewe ulianza 1910, reli ilipofika kutokea kusini, ukiitwa Elisabethville. Kampuni ya madini ilichukua wafanyakazi kutoka Kasai, kutoka Rhodesia ya Kaskazini ambayo sasa ni Zambia, kutoka Ruanda-Urundi, kila mtu na lugha yake, Kiswahili kikawa cha kazini, halafu miaka ya 1920 walipoanza kuruhusiwa kukaa na familia kambini, watoto wakazaliwa humo wakakinyonya. Angalia nyumba niliyokaa: baba yake Mama ni Muluba wa Kasai, mama yake Mubemba, hakuna hata mmoja ambaye Kiswahili ni cha kabila lake, na bado ndicho walichomlelea binti yao. Nani atamwambia huyo mama kwamba lugha yake ameikosea?

Wenyewe wana jina la ile nyingine, Kiswahili bora. Jumapili kanisani utavisikia vyote viwili kwa saa moja, somo la Biblia linasomwa kwa Kiswahili bora, watu wametulia kama maji ya mtungi, kisha padri anafunga kitabu anaanza kuhubiri kwa Kiswahili cha mjini, kanisa zima linaamka. Papa alisoma kwa wamisionari, ana vyote. "Mi niko na Kiswahili mbili," aliniambia, "moja ya kitabu, moja ya nyumba, hazigombanake." Nikagundua wanafunzi wangu nao wanayo hiyo ya kwanza nusunusu, wameisikia tangu wadogo, hakuna tu aliyewaonyesha mpaka uko wapi.

Nikayarudia madaftari yote arobaini na mbili. Nilichofanya kinahitaji maelezo kidogo kwa walimu wenzangu. Nilitafuta kwanza nini kinajirudia kwa kila mtu. Kama watoto thelathini na nane wameandika -ka palepale penye mazoea, na hawajaiandika penye kitendo cha mara moja, hiyo ni kanuni, wamepatia, na kazi yangu ni kuwapa ya pili waijue. Kama mmoja kaandika anatokaka kwenye tukio la jana, kaacha herufi, kachanganya wakati uliopo na uliopita, hayo ni makosa, kata bila huruma. Nikachora ubaoni safu mbili, ya nyumba na ya kitabu. Anatokaka huku, hutoka kule. Kuuzisha huku, kuuza kule (hapo darasa lilicheka, maana stori ya nyanya ilishafika shuleni kabla yangu). Juu ya nini, kwa nini. Wao wenyewe wakaanza kuniletea, kila asubuhi ubao umejaa kabla sijaingia, na mtihani ukija wanajua wanavaa nguo gani. Yule wa nne kwa ishirini akapata kumi na tatu.

Sisemi kila kitu kilikuwa raha. Kukaa kwa watu kunachosha. Huna mlango wa kufunga, ukinuna wote wanajua, ukila kidogo wanadhani umekasirika, na hela yako usiitangaze ila usiwe bahili pia, mi nilikuwa nanunua gunia la makala mwanzo wa mwezi bila kuulizwa na hiyo ilimaliza maneno mengi. Dola iliyochanika hata kidogo haipokelewi, angalia noti zako kabla hujavuka mpaka. Na wiki ya saba nilipougua, Mama alilala chini pembeni ya kitanda changu siku mbili. Sikuwa nimemwomba.

Novemba, maembe yameanza, mvua imeanza, ikabidi niondoke. Papa na yule mdogo wakanisindikiza kukata tiketi. Dada wa dirishani akasema bisi inaondoka saa kumi na mbili. Nikageuka kumwangalia Papa, akaangalia pembeni anajizuia kucheka. Nikainama kwenye kidirisha nikauliza saa kumi na mbili ya kwenu au ya kwetu.

"Saa ya bisi, madamu," akasema, akanipa tiketi.