GPS haili bando

Jumamosi iliyopita chalii mmoja alisimamisha pikipiki mbele ya karakana yetu hapa Sakina, Arusha, akaniamkia vizuri, kisha akanionyesha simu yake. "Mzee, kesho naondoka kwenda Ziwa Natron. Nimejiunga bando la wiki nzima, kwa hiyo GPS ninayo mpaka narudi." Nikamuuliza kama ameshapakua ramani. Hakulielewa swali. "Si ramani iko kwenye GPS, mzee?"

Nimelisikia hili kwa bodaboda, kwa vijana wenzangu tunaoongoza wageni kwa pikipiki, na kwa wageni wenyewe waliosafirisha pikipiki za gharama kubwa mpaka hapa. Bando likiisha GPS imeisha. Mnara ukipotea GPS imepotea. Nimechoka kulieleza nikiwa nimesimama juani na spana mkononi, kwa hiyo naliandika mara moja, nikiulizwa tena namtumia mtu asome.

Setilaiti za GPS si za king'amuzi. Hakuna kifurushi cha mwezi, na hazijui kama upo. Zinazunguka dunia kwenye kimo cha kama kilomita 20,200, kila moja mara mbili kwa siku, na muda wote zinatangaza jambo lile lile: mimi ni fulani, niko hapa, saa hii ni saa ngapi. Ni kama redio ya mkulima pale Ngaramtoni: kituo hakijui nani anasikiliza, na msikilizaji halipii mawimbi. Kifaa chako kinasikiliza setilaiti zisizopungua nne, kinapima kila tangazo limechelewa kiasi gani njiani, kinapiga hesabu, kinapata ulipo na kimo ulichopo. Tatu hazitoshi kwa sababu saa ya kifaa chako si ya uhakika kama zile za angani, hivyo muda wenyewe nao inabidi utafutwe kwenye hesabu hiyo hiyo.

Hayo ndiyo yote unayopata kutoka angani. Mahali ulipo na saa. Setilaiti haijui barabara. Haijui kijiji cha Engaruka, haijui korongo, haijui kama daraja limebebwa na maji.

Ubishi huu una mizizi yake, na naielewa. Kwanza, bodaboda nyingi za mkopo zina traka. Ndani yake kuna kipokezi cha GPS na kuna laini ya simu: GPS inajua pikipiki ilipo, laini inampelekea mwenye mali habari. Laini ikikosa salio mwenye mali haoni kitu, basi mtaani wanasema GPS imekatwa. Pili, programu ya ramani watu wanayoitumia mjini huchota picha za barabara kutoka intaneti kadiri unavyosogea. Ukitoka nje ya mnara unabaki na nukta ya bluu katikati ya uwanja mtupu. Watu wanaona utupu. Hawaioni nukta, ambayo bado ipo mahali pake sawasawa. Tatu, kuna vifaa visivyo na kipokezi kabisa. iPad za Wi-Fi pekee ni hivyo: hukisia mahali kwa kutumia Wi-Fi za jirani, na ukitoka mjini hazina la kusema. Kabla hujanunua tableti yoyote ya kufunga kwenye usukani, uliza kwanza kama ina GPS ndani.

Sababu ya nne ndiyo inayowachanganya hata mafundi. Ili kupiga hesabu, kifaa kinahitaji ratiba ya setilaiti, yaani kila moja iko wapi saa hizi. Simu yenye mtandao huichota ratiba hiyo kwenye intaneti kwa muda mfupi sana. Simu isiyo na mtandao inaisubiri kutoka angani kwenyewe, kwa kasi ya biti 50 kwa sekunde. Setilaiti moja inahitaji sekunde 30 kutaja habari zake, na kalenda ya setilaiti zote inachukua dakika 12 na nusu. Sasa mtu yuko Selela, njiani kwenda Natron, simu ilikuwa imezimwa mfukoni, anaiwasha huku pikipiki inaendelea, anaangalia kioo dakika moja, haoni kitu, anasema "hamna mtandao, GPS imegoma." Haijagoma. Inasikiliza. Simama mahali peupe, iache itulie, isubiri. Ukitaka kuepuka hayo yote, iwashe uani kwako kabla ya kuondoka na usiizime.

Nilimfanyia yule chalii jaribio ninalomfanyia kila mtu. Tulipakua ramani ya Tanzania kwenye programu ya Organic Maps, tukatoa laini, tukazima Wi-Fi, akasimama nje ya kivuli cha mwembe. Baada ya muda nukta ikatua Sakina, upande uleule wa barabara aliosimama. Alikuwa ameishika laini kwenye kiganja.

Kwa hiyo ukiingia dukani, au ukimwagiza ndugu aliye Ulaya, usiulize kwanza kifaa kinashika setilaiti ngapi. Vifaa vingi vya siku hizi vinasikiliza za GPS, ambazo ni za Marekani, pamoja na GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya au BeiDou ya China, na kwenye mbuga zetu za wazi anga lote ni lako. Uliza ramani. Je, naweza kuweka ramani ninayoitaka mimi, au nimefungwa na ya kiwandani? Ramani ya kiwandani ya kifaa kilichouzwa Ulaya huenda ikawa ya Ulaya tu. Vifaa vingi vya Garmin hukubali ramani zilizotengenezwa kutokana na OpenStreetMap, ile inayochorwa na watu wa kujitolea, ambazo ni za bure, na pia za Tracks4Africa, zinazolipiwa, ambazo zimejengwa kwa nyayo za wasafiri waliopita huku kwetu. Kwangu mimi hilo pekee linazidi ukubwa wa kioo.

Na hapa ndipo ninapokasirika kweli. Ndani ya faili la GPX, lile tunalotumiana kutoka kifaa kimoja hadi kingine, kuna vitu vitatu, na watu wanaviita vyote "njia". Kuna pointi, ambayo ni mahali pamoja. Kuna ruti, ambayo ni pointi chache tu, na kifaa kinaachiwa kazi ya kutafuta barabara ya kuziunganisha kwa ramani yake na kwa mipangilio yake. Halafu kuna nyayo: maelfu ya nukta mahali ambapo tairi la mtu lilipita kweli. Ukinitumia ruti umenitumia ombi. Ukinitumia nyayo umenionyesha ulikopita.

Niliwahi kuwa na wageni wawili waliochora ruti moja ya Natron kwa pamoja huko kwao, kila mmoja akaiweka kwenye kifaa chake. Hatujafika hata Ngaramtoni, mmoja anaambiwa aendelee mbele kwa njia ya Longido na Ketumbeine, mwenzake anaambiwa ageuke, arudi mjini, apite Makuyuni na Mto wa Mbu. Vyote viwili vilikuwa sahihi kwa ramani yake. Kimoja kilikuwa kimewekewa kuepuka barabara zisizo na lami, na kilichagua ile yenye lami nyingi zaidi. Tulipoteza asubuhi nzima kwa ubishi wa mashine. Tangu siku hiyo siongozwi na ruti nje ya lami. Naweka nyayo kwenye kioo, mstari wa rangi, nakaa juu ya mstari. Kifaa kisichoweza kuonyesha nyayo, au kinachozigeuza kuwa ruti bila kukuuliza, usikinunue, hata kama ni cha pikipiki na kimeandikwa hivyo kwenye boksi.

Mfano mwingine. Omba njia fupi ya Arusha kwenda Mwanza. Itapita Karatu, lango la Lodoare, Ngorongoro, kisha Serengeti. Kwenye ramani ni barabara halali. Pikipiki haziruhusiwi humo. Utafika langoni umefurahi, na askari atakugeuza, urudi mpaka Makuyuni, ushike ya Babati, Singida, Nzega na Shinyanga. Kifaa hakikudanganya, hakuna aliyekiambia kwamba wewe uko juu ya magurudumu mawili.

Na namba zenyewe ziandikwe vizuri. Arusha iko karibu na 3.37 kusini, 36.69 mashariki. Sahau alama ya kusini, kifaa kitakutuma zaidi ya kilomita 700 kaskazini, upande wa mashariki wa Ziwa Turkana. Dakika nazo ni mtego: nyuzi 3 na dakika 22.5 ni 3.375, si 3.225. Ukikosea hapo umehama kilomita 16 na zaidi. Niongeze na wale wanaochukua namba kwenye karatasi za zamani za ramani za 1:50,000. Zile zimepimwa kwa msingi wa zamani uitwao Arc 1960, na GPS inatumia msingi mwingine, WGS84, hivyo namba zile zile zinaangukia mahali tofauti. Tofauti yake hapa kwetu ni kama mita 300. Mita 300 mjini ni mtaa wa pili. Kwenye korongo lenye kivuko kimoja, unafika kwenye ukingo wa futi kumi na hakuna pa kushukia.

Mambo ya usukani nitayapitia haraka. Simu inaweza, lakini isiwe simu yako ya kazi. Mwaka 2021 Apple wenyewe walitoa onyo kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu mfumo wa kamera unaotuliza picha, na wakashauri iPhone isifungwe moja kwa moja kwenye pikipiki. Jua la saa saba mchana linaipasha moto mpaka inapunguza mwanga na kukataa chaji. Matone ya mvua yanabonyeza kioo badala yako. Tundu la chaji linalegea kwa rafu rodi. Kifaa cha pikipiki kama Garmin zūmo kinachajiwa kwa kitako chake chenye pini, kinakubali glavu na kinavumilia maji, na unalipia hayo. Waya wake utoke kwenye betri kupitia fyuzi, si kwenye waya wa taa.

Wanaopenda vifaa vidogo vya mkononi, eTrex au GPSMAP za Garmin zenye betri za AA, siwacheki. Kioo ni kidogo, lakini kinatumia mwanga wa jua wenyewe, kadiri jua linavyowaka ndivyo unavyokiona vizuri, na betri za AA zipo kwenye duka la kila kijiji. Chagua hicho kama unasafiri peke yako.

Ukisimama njia panda na mshale ukaanza kuzunguka, usikitukane kifaa. GPS hujua unakoelekea kwa kukuona ukisogea. Nenda mita chache, mshale utatulia. Na kama mfuko wako wa tenki una sumaku, dira ya simu iliyo juu yake usiitegemee.

Nina shaka zangu pia. Anayekwenda porini mara mbili kwa mwaka akiniuliza kama anunue kifaa cha bei hiyo au simu ya zamani yenye ramani ndani, leo namjibu hivi, kesho namjibu vile. Simu ya zamani imewafikisha wengi. Na kuna jambo linaloniuma zaidi: barabara ya Orkesumet nimeipita mara nyingi nikifuata nyayo, lakini siwezi kumwelekeza mtu kwa mdomo. Barabara nilizojifunza kwa kusimama na kuuliza wazee kwenye maboma, mpaka leo najua mgunga upi wa kukatia kushoto. Ndiyo maana siku hizi nazima sauti ya kifaa na naendelea kuuliza. Mchungaji wa Engaruka anajua kama korongo lilishuka maji usiku. Nyayo za Agosti hazikuambii kitu kuhusu Aprili.

Bando nalo lina kazi yake. Kipokezi cha GPS hakitumi chochote. Mtu asijilaze kando ya njia akiamini setilaiti inamwona na watu watamfuata. Kutuma habari kunahitaji mnara, au kifaa cha aina nyingine kama inReach, kinachopeleka ujumbe kupitia setilaiti za Iridium, na hicho ndicho chenye malipo ya mwezi. Kama huna, mwachie mtu njia unayopita na siku unayorudi. Yule chalii alimwachia dada yake, na nikampa nyayo zangu za mwezi uliopita.

Jumatatu jioni alipata pancha kubwa kaskazini ya Engaruka, tairi la nyuma limechanika. Mnara haukuwepo. Alisoma namba zake kwenye simu, akaziandika kwenye karatasi, akapanda kilima mpaka simu ikashika baa moja, akanitumia kwa meseji ya kawaida. Gari la kijana wetu wa Mto wa Mbu lilimkuta kabla ya saa nne usiku. Namba zilikuwa mbili, na mbele ya ile ya kwanza aliandika neno zima: kusini.