Je, wajua? Beki wa sentimita 176 alitawalaje mipira ya juu?

Fabio Cannavaro alikuwa na kimo cha sentimita 176. Ni kimo ambacho hakingemshangaza mtu kwa winga, ila kwa beki wa kati wa Ulaya makocha wengi wangetaka angalau sentimita kumi za ziada. Hata hivyo, mwaka 2006 alikuwa nahodha wa Italia iliyotwaa Kombe la Dunia nchini Ujerumani. Alicheza dakika zote 690 za mechi saba bila kuonyeshwa kadi hata moja. Nyavu za Italia zilitikiswa mara mbili tu: Zaccardo alijifunga dhidi ya Marekani, na Zidane wa Ufaransa akafunga penalti kwenye fainali. Hakuna mpinzani aliyewafunga kwa kichwa.

Maelezo yanayotolewa haraka ni kwamba Cannavaro alijaliwa miguu yenye springi. Kweli, aliruka vizuri sana. Lakini jibu hilo linaacha nje sehemu kubwa ya kazi yake, na ndilo linalofanya vijana wafupi waambiwe wahamie pembeni kabla hata hawajafundishwa namna ya kuruka. Mpira wa kichwa hauamuliwi na nani ana kilele kirefu zaidi. Unaamuliwa na nani yuko juu zaidi wakati mpira unapofika. Hayo ni mambo mawili tofauti, na hesabu inaonyesha tofauti yake ni kubwa kiasi gani.

Mchezaji akiruka sentimita 60 kutoka ardhini, hukaa hewani kwa takriban sekunde 0.7. Karibu nusu ya muda huo anakuwa ndani ya sentimita 15 za juu kabisa za mruko wake, kwa sababu mwili hupunguza kasi unapokaribia kilele na huanza kushuka polepole. Akitoka nje ya sentimita hizo 15, anapoteza kimo upesi. Aliyewahi au kuchelewa kwa sekunde 0.2 anakutana na mpira akiwa sentimita 20 chini ya kilele chake. Hesabu hiyo haimbagui mtu, awe anaruka sana au kidogo, awe mrefu au mfupi, kwa kuwa mvutano wa dunia ni uleule kwa wote. Sasa chukua Per Mertesacker, beki wa Ujerumani mwenye sentimita 198 aliyekuwa akipanda mbele kwenye kona. Alimzidi Cannavaro kwa sentimita 22. Kosa la sekunde 0.2 linakaribia kuifuta faida yote hiyo.

Muda ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni hatua kabla ya kuruka. Mtazame konda wa daladala gari linapoanza kuondoka kituoni. Hasubiri mlango umfikie akiwa amesimama, maana angebaki hapohapo. Huanza kukimbia mapema, mlango unapokuwa usawa wake tayari ana kasi, na mruko wenyewe unakuwa mdogo. Beki mfupi hufanya vivyo hivyo na krosi. Akiusoma mpira tangu unapotoka mguuni mwa mpigaji, anapata hatua mbili au tatu za kukimbia, na mguu wa mwisho unaigeuza ile kasi ya kwenda mbele iwe kasi ya kwenda juu. Mshambuliaji mrefu aliyesimama chini ya mpira akiungoja hana kasi ya kugeuza, anategemea misuli peke yake.

Cannavaro aliongeza jambo la tatu, ambalo kwenye televisheni halionekani kirahisi kwa sababu kamera inaufuata mpira. Alikuwa akimgusa mpinzani bega kwa bega kabla ya kuruka, si wakati wa kuruka. Mguso huo mdogo ulimnyima mshambuliaji nafasi ya kupiga hatua zake, na refa hakuwa na sababu ya kupuliza filimbi, kwani sheria inakataza kusukuma na kushika, haikatazi kuwahi mahali.

Dakika ya mwisho ya nusu fainali dhidi ya Ujerumani, pale Dortmund, inaonyesha yote hayo kwa pamoja. Italia inaongoza 1-0 kwa goli la Grosso, Wajerumani wanamimina mipira golini. Cannavaro anauondoa mmoja kwa kichwa, hasimami kuutazama, anaukimbilia uleule na kumwahi Podolski, mshambuliaji wa Ujerumani. Totti anauchukua, Gilardino anakimbia nao, Del Piero anafunga la pili. Ni beki mmoja aliyejua mara mbili mfululizo mpira utadondokea wapi.

Tahadhari mbili. Kwenye kona yenye msongamano, ambako hakuna nafasi ya kukimbia, kimo hurudi kuwa na thamani yake, na Italia ilikuwa pia na beki Materazzi mwenye sentimita 193. Pia husemwa kuwa Cannavaro ndiye beki pekee aliyewahi kupata Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora inayotolewa na jarida la Ufaransa. Alishinda ya 2006, ila Wajerumani Beckenbauer na Sammer, waliocheza nyuma ya mabeki wenzao, walishinda kabla yake. Tuzo ya FIFA ya mchezaji bora wa dunia, hiyo ndiyo alikuwa beki wa kwanza kuichukua.

Jina lake lilivuka bahari likafika Jangwani, makao ya klabu ya Yanga jijini Dar es Salaam. Nadir Haroub, beki wa Zanzibar aliyekuwa nahodha wa Yanga na Taifa Stars, mashabiki walimwita Cannavaro, na wengi humjua zaidi kwa jina hilo.

Ushahidi mwingine kwamba jambo ni muda, si kimo, ulikuja kwenye Kombe la Dunia la 2010, Afrika Kusini. Cannavaro alikuwa na miaka 36. Dhidi ya New Zealand, pale Nelspruit, mpira wa adhabu ulirushwa ndani mapema dakika ya saba, ukamgonga kabla hajajipanga, ukamwangukia Smeltz aliyefunga kwa karibu. Mechi iliisha 1-1, na Italia ikatolewa kwenye makundi. Kimo chake kilikuwa kilekile, sentimita 176.